Moto wa Bani la Sixbert

Nyumba ya Benedikta, hapa Goweko, ilijaa kama ya harusi, na tuliojaa tulikuwa tunabishania neno moja la Kizungu huku mtoto wake, Elieth, akitetemeka mkekani.

Nesi wa zahanati alikuwa amempima Elieth, akasema ni malaria, tena "severe", apelekwe Tabora mjini leo hii. Pikipiki nzima ilikuwa moja tu, ya baba yake, Sixbert, na ufunguo anao mfukoni. Lakini Sixbert alikuwa kwenye bani, banda la kukaushia tumbaku kwa moto. Moto ukilegea, majani yanaoza, na jasho la mwaka limekwenda. Kwetu mwenye bani hata msibani haonekani, wala hamwachii jirani moto wake. Akikuunguzia, utamdai nani?

Tulipomtumia mtu, Sixbert akarudisha jibu kwamba zahanati kila mtu inamsukumia mjini. Kwanza aambiwe hilo neno lina uzito gani.

Basi tukalipima. Mwalimu Zablon, mstaafu, alisema wanaitwa hivyo watu wasiocheka, kama padri aliyemfundisha. Mama Najiat aliwahi kuambiwa ni la ukame. Masolwa akadakia kwamba basi mama mkwe wake ni "severe" tangu azaliwe, na yu mzima. Tukacheka.

Zablon hakucheka. "Ukiliweka kwenye ugonjwa," alisema, "ni kali ya kuua."

Kicheko kikatukauka. Elieth alikuwa amegeuza macho, mama yake akimwita haitiki. Benedikta hakulia. Alimfunga mgongoni kwa khanga, akabeba ndoo ya maji ya mlangoni, akatoka. Tukamfuata wote.

Sixbert alikuwa anasukuma gogo tanurini. Akauliza wamesemaje. Benedikta akaimwaga ndoo yote kwenye mdomo wa tanuri, kisha akalinyanyua debe la maji lililokuwa pembeni, nalo akalimwaga. Mvuke ukatufunika.

"Sasa huna moto wa kulinda, baba Elieth. Washa pikipiki."

Sixbert alishika kichwa. Halafu akamgusa mtoto shingoni, akauondoa mkono haraka kama aliyegusa kaa la moto, akaikimbilia pikipiki.

Tulisikiliza mlio wa pikipiki hadi ukapotelea njia ya mjini. Hakuna aliyerudi nyumbani kwake. Masolwa akachutama, akaanza kupuliza makaa yaliyolowa. Mwalimu Zablon naye akachutama, kisha sisi sote, tukipuliza moto usio wetu, na majivu yakiturudia machoni.