Turubai Juu ya Mheshimiwa

Mtu akikwambia kufuga samaki ni mchezo wa watoto, mtume kwa fundi rangi akaulize.

Fundi huyu alikuwa hodari wa kazi yake, lakini kwa mama mkwe wake hakuwa kitu. Miaka minne ya ndoa, yule mama hajawahi kumwita "mwanangu" hata kwa bahati mbaya. Alimwita "huyo bwana wako," tena wakiwa wamekaa meza moja! "Mwambie huyo bwana wako anisogezee chumvi." Fundi anasogeza chumvi, roho inamuuma.

Kwa hiyo mama alipokwenda kumuuguza dada yake kwa mwezi mzima, akawaachia tangi lake la kioo na samaki mmoja wa rangi ya chungwa, mwenye pengo mkiani, aitwaye Mheshimiwa, fundi akaona nafasi ndiyo hii. Akaapa kumrudisha akiwa na afya kuliko alivyokuja.

Wapi! Fundi rangi anaamini mwanga kuliko anavyoamini majirani zake. Akalisogeza tangi dirishani, lipigwe jua kutwa nzima. Na chakula, mama alisema chembe chache mara moja kwa siku. Fundi akaona huo ni uchoyo, akawa anampa mara tatu, tena kwa mkono mkunjufu. Jua na makombo, jamani! Wiki haijaisha, maji yakaanza kugeuka.

Akachukua kadi yake ya rangi, ile anayowaonyesha wateja, akailinganisha na kioo. Alhamisi, kijani cha tufaha. Jumamosi, kijani cha parachichi. Jumatatu akatafuta juu mpaka chini, akakosa.

"Hii rangi haijatengenezwa bado," alimwambia mkewe, na sauti yake ilikuwa na majivuno kidogo.

"Mheshimiwa yuko wapi?" mkewe akauliza.

"Yumo."

"Umemwona?"

Hakumwona. Akaleta kikwangulio chake cha kazini, akakwangua kioo kama anavyokwangua ukuta wenye fangasi. Ule utelezi ukabanduka vipande vipande, ukaingia majini, mambo yakazidi. Akamwaga nusu ya maji, akatia mapya. Baada ya siku mbili kijani kikarudi na ndugu zake.

Ila chakula hakuacha kumpa. Asubuhi, mchana na jioni alisimama mbele ya ule uji, ananyunyiza, anasema, "Karibu, Mheshimiwa." Kama yu hai, asishinde njaa. Kama amekufa, basi ndiyo heshima ya mwisho.

Siku ya nane ya kumlisha bila kumwona, moyo ukamshinda. Akaenda kwa muuza samaki wa mapambo, akanunua mwingine wa rangi ile ile, akamtumbukiza. Yule naye akapiga mkia mara moja, akatokomea.

"Hongera," mkewe akasema. "Sasa umepoteza wawili."

Kesho yake, Jumanne, mama akapiga simu. Dada kapona mapema, anarudi Jumamosi. Fundi alikaa chini. Kisha akafanya jambo ambalo kila fundi rangi hulifanya kazi ikimharibikia na mwenye nyumba yuko njiani: akafunika. Alileta turubai lake zito, lile la kukinga sakafu, akalifunika tangi lote mpaka chini, usipenye hata uzi wa mwanga. Chakula pia akaacha, maana hakutaka kuinua turubai aione aibu yake. Mashine ya hewa ikabaki inanguruma peke yake gizani.

"Mama akiuliza, mimi simo," mkewe akasema.

Jumamosi mama akaingia, hata mkoba hajautua. "Mwambie huyo bwana wako anionyeshe samaki wangu."

Fundi alikuwa amepanga uongo wa maana kabisa, kuhusu samaki kupumzishwa macho. Alipofungua mdomo ukatoka ukweli wote, kwa mkupuo. Dirisha, kikwangulio, kijani kisichopo kwenye kadi, samaki wa pili. "Nisamehe, mama. Nadhani Mheshimiwa hatunaye. Nilikuwa namlisha tu."

"Unamlisha vipi, kama hatuko naye?"

"Sikuwa na uhakika, mama. Niliona vibaya kumkata chakula."

"Siku ngapi?"

"Nane. Mara tatu kwa siku."

Mama akautua mkoba. Kisha akaenda, akashika pembe ya turubai, akalivuta.

Maji yalikuwa meupe pee. Zile siku nne za giza bila chembe ya chakula ndizo zilizoua kijani, chote kimelala chini kama vumbi. Na katikati, Mheshimiwa na pengo lake mkiani, tumbo limemtoka, amenuna. Ubavuni pake yule mwenzake, amenuna vile vile.

Mama alicheka mpaka akatafuta kiti. "Miaka thelathini niliishi na mwanamume aliyekuwa akisahau kunibakizia chai, na mimi niko hai, naonekana! Huyu analisha marehemu mara tatu kwa siku!" Akajifuta machozi. "Huyo wa pili ataitwa Naibu. Litoeni tangi dirishani. Na wewe, mwanangu, hebu nipikie chai."

Mkewe aligeuka haraka kumtazama fundi. Fundi alikuwa ameshatimua mbio jikoni. Huko alisimama na birika mkononi, jiko hata hajaliwasha.

"Mwanangu!" mama akaita kutoka sebuleni. "Hiyo chai vipi?"

Alimsikia vizuri sana. Akanyamaza, ili aitwe tena.