Nyumba Iliyorudi Tupu

...majina saba tena, na kina mama kwenye faili la ukoo ni wanane, kila mmoja na watoto wake chini yake, kwa hiyo vifungua mimba lazima wawe wanane, na swali langu kwa kompyuta ni fupi tu, mtoto[1][@hai='ndiyo'], yaani mtoto wa kwanza, aliye hai, ile moja ya kwenye mabano haihesabu ukoo mzima, inaanza upya ndani ya kila mama, hilo nalijua, basi aliyekosekana ni... wetu, nyumba ya mama yangu ndiyo imerudi tupu, "We bibi, hiyo kompyuta inachemsha mawe humo?" baba mdogo mlangoni, kofia kichwani tayari, orodha ya vifungua mimba inasomwa saa nane mchana mbele ya ukoo, kila anayetajwa asimame, na mama atakuwa mstari wa mbele, "Naja, baba," nasema, siji, maana kosa nimeliona, nimechagua wa kwanza halafu ndipo nikauliza kama yu hai, na wa kwanza wetu ni dada, na dada tulimzika mwezi wa tatu, ndiyo yake kwenye faili niliigeuza hapana mimi mwenyewe tulipotoka kumzika, nikiwa nimesimama, hata koti la mvua sijalivua... haya, geuza, chuja walio hai kwanza ndipo uhesabu, mtoto[@hai='ndiyo'][1], nane, safi, na katika nyumba yetu nimetokea mimi, mimi niliyekuja miaka minne baada yake, niliyevaa sare zake zimekunjwa pindo mara mbili, niliyesukwa naye huku akinigonga kwa kitana, akisema tulia basi, kichwa hiki kama cha kuazima... "Walio hai tu, mwanangu," baba mdogo anasema, "marehemu wana ukurasa wao, jina lake likisomwa nani atasimama?" na hakosei, mashine nayo haikosei, ukiwaondoa kabla ya kuhesabu waliobaki wanasogea mbele, wala hakuna aliyenyanyua mguu, lakini uchungu wa kuzaa wa siku mbili mama aliupata kwa dada, si kwangu, atasikia jina langu pale, ataitikia kwa kichwa... nafuta sharti la uhai lote, inabaki mtoto[1], nane, na wa nyumba yetu sasa ni dada, "Umemaliza?" "Bado kidogo, baba," atafoka, na afoke, jina litasomwa na hakuna atakayesimama, patakuwa na kimya kifupi, na mama atakijua ni cha nani.