Kifuko cha Maharage ya Njano

Chwaa. Kisha kimya. Kisha tena, chwaa, kidogo zaidi.

Speciosa aliziba mdomo wa chungu kwa kiganja ili maharage yasimwagike kwa pamoja. Gizani kila punje ilikuwa na sauti yake. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya mlango, kifuko cha kitenge amekibana kwa magoti, na mkono wa kushoto, ule uliovimba, ameulaza pajani kama mzigo wa mtu mwingine aliyemwomba amshikie.

"Nani yuko kwenye mbegu?" Sauti ya Eustakia, mama mkwe wake, ilipita juu ya ukuta usiofika paani.

"Panya, mama."

"Panya wa nyumba hii siku hizi wanavaa ndala."

Speciosa alisubiri mpaka kitanda cha upande wa pili kikalia, kikatulia. Mbegu za nyumba ile hakuruhusiwa kuzigusa. Aliambiwa hivyo mara moja tu, wiki aliyorudi kutoka hospitali, tena kwa upole, kama mtu anavyoelekezwa mahali pa kuweka jembe: mwanamke aliyekatwa titi akigusa mbegu, mbegu haioti. Wazee walikuwa na jina la mwanamke asiye na titi, impenebere, na waliamini kwamba hufunga mvua. Eustakia alilirithi jina hilo kwa mama yake, aliyevuka mto Ruvubu kuja huku akiwa na mimba yake. "Sijalitunga mimi," alisema. "Nimelikuta."

Lakini maharage ya kula yalikwisha zamani. Kifuko cha kwanza, alichokishona wodini, fukusi walikitoboa mpaka kikabaki unga na maganda. Yale ya mbegu yalikuwa yamepakwa majivu, fukusi hawayawezi. Muuguzi aliwafundisha wote waliokatwa: pamba ni nyepesi, itakupanda shingoni, weka kitu chenye uzito, bega lisije likainuka upande mmoja. Speciosa alifunga uzi, akakata kwa meno, akakisukumiza kifuko ndani ya sidiria, juu ya kovu.

"Mama, hilo ni titi lako jipya?"

Nice alikuwa macho. Alikuwa na miaka mitano na alilala kama sungura, masikio wazi.

"Nyamaza, bibi asikusikie."

Mtoto alitambaa mpaka kwake, akaweka sikio kifuani. "Linasema chwaa."

"Ndiyo."

"Lile la zamani lilikuwa linasemaje?"

"Lilikuwa linasema, nyonya."

Nice alicheka ndani ya kanga. Speciosa naye akacheka kidogo, kisha akauendea ukuta kufanya zoezi alilofundishwa: vidole vya mkono mbovu vinapanda ukutani kimoja kimoja kama mdudu, mpaka kwenye alama ya mkaa aliyofikia jana. Leo viliishia chini ya alama.

*

Kinyama kilianza kama kokwa, chini ya ngozi, upande wa kwapani. Mara ya kwanza daktari alisema kinyama chenyewe kitatolewa na titi litabaki. Alisema pia isipite wiki. Halafu akauliza, "Mume yuko wapi? Aje aweke sahihi."

"Titi ni langu, daktari."

"Najua, dada yangu. Lakini mumeo akija kutufanyia fujo hapa, wewe utakuwa usingizini. Atakayesimama naye ni mimi."

Gaspari, mumewe, alipoambiwa, alikwenda kumuuliza mama yake. Na Eustakia akamjibu Speciosa mwenyewe, huku akimenya ndizi, bila kuinua macho: "Titi ni la mtoto na la mume. Wewe umebebeshwa tu."

"Tuvune kahawa kwanza," akasema Gaspari.

Wakavuna kahawa. Speciosa alivuna kwa mikono miwili, majani ya dawa yamefungwa kifuani. Kahawa ilipokwisha kuanikwa, ngozi ya titi ilikuwa imejaa vishimo kama ganda la chungwa, na daktari hakutaja tena kinyama. Alisema lote. Gaspari aliweka sahihi akiangalia dirisha. Speciosa alipozinduka, mrija unachuruzika ubavuni, mumewe alimwuliza swali moja.

"Wamelipeleka wapi?"

Gaspari alirudi nyumbani kabla yake. Alipofika, Speciosa aliukuta mkeka wa mumewe umetandikwa sebuleni.

*

Mwezi wa tisa uliisha bila tone. Wa kumi ukaingia na upepo uliobeba vumbi la barabara ya Rulenge mpaka ndani ya vyungu. Kisimani Nimpaye, jirani aliyekuwa akimsuka nywele tangu alipoolewa, aliivuta ndoo yake alipomwona anakuja.

"Usikasirike, Mama Nice. Mimi siamini."

"Sasa mbona unasogea?"

"Mimi siamini. Shamba langu ndilo linaamini."

Asubuhi ile ya chungu, jua halijapanda juu ya migomba, Idefonsi alifika. Alikuwa mwenyekiti wa kitongoji, mtu wa kofia safi. Nyuma yake watu walijipanga nje ya ua kama waliokuja msibani, ila hawakuwa wamebeba kuni.

"Shikamoo, mwenyekiti," alisema Speciosa.

"Marahaba. Afya inakwendaje?"

"Naendelea."

"Tumshukuru Mungu." Alikalia kiti alicholetewa na Gaspari, akaiweka kofia gotini. "Mama Nice, serikali haiamini ushirikina. Nataka wote mnisikie. Hakuna mtu anayefukuzwa hapa. Mimi ni mtu wa sheria."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Ila watu wana njaa. Juzi kuna kijana amelewa, akasema atakuja hapa na kiberiti. Sasa mimi nina mgambo? Nina gari? Namna yangu ya kukulinda ni kukuomba upishe."

"Huyo wa kiberiti ni nani?"

"Ni kijana tu."

"Kwa nini asipishe yeye?"

"Yeye matiti yake yametimia!" mtu alipaza sauti nje ya ua, na ua mzima ukacheka. Hata Gaspari mdomo ulimcheza kidogo kabla hajaukaza.

Idefonsi alingoja kicheko kiishe. "Uende kwa baba yako, kule Nyamiaga, upumzike. Ni mpaka mvua inyeshe."

"Na isiponyesha?"

"Basi tutajua si wewe. Utarudi nyumbani kwako kwa heshima."

"Na ikinyesha?"

Mwenyekiti aliigeuza kofia, akaitazama ndani. Gaspari alikuwa anachokonoa ukucha.

"Ikinyesha, mwenyekiti?"

"Mama, usitufunge kwa maneno."

"Basi nakwenda na Nice."

Hapo ndipo mumewe aliposema neno lake la kwanza tangu alfajiri. "Mtoto ni wa huku."

"Nani atamfulia? Nani atamwamsha kwenda shule?"

"Mama yupo."

Na mama alikuwepo. Eustakia alikuja taratibu kutoka jikoni, anajifuta mikono kwenye kanga, akasimama karibu kabisa na mkwe wake, kama mtu anayetaka kumnong'oneza. "Aende salama," alisema. "Ila asiondoke na chetu. Alfajiri panya waliingia kwenye chungu."

Mkono wake uliingia ndani ya blauzi mbele ya wanaume wote. Ulipita juu ya kovu, ukashika, ukavuta. Speciosa alijikunja kwa maumivu. Eustakia alikiinua kifuko juu. Majivu yalimtoka kwenye vidole.

"Mbegu! Amezivaa mbegu zetu!"

Watu wa nje ya ua walirudi nyuma kwa pamoja. Blauzi ya Speciosa ilikuwa imelala bapa upande wa kushoto, na hakuna aliyejua pa kuangalia, kwa hiyo wote waliangalia pale pale.

"Si zirudi chunguni, mama," Gaspari alisema kwa sauti ndogo.

"Zirudi zikaue nyingine?"

Alikirusha kifuko nyuma ya migomba, jalalani, kwenye majivu na maganda ya ndizi. Nice alichomoka kukifuata. Bibi yake alimdaka kifundo cha mkono.

"Zimekufa hizo, mjukuu wangu. Hizo hata kuku usiwape."

*

Dereva wa bodaboda alikubali kumpakia, ila alimwomba atembee mpaka baada ya kona, watu wasione. Speciosa alishika mfuko wa nguo kwa mkono mzima. Ule mwingine haukuweza kushika chuma cha nyuma, kwa hiyo kila shimo la barabara lilimwinua na kumtua lilivyotaka.

Hawakuwa wamefika hata nusu ya njia. Harufu ndiyo ilitangulia, harufu ya vumbi lililolowa. Kisha tone moja kwenye shingo ya dereva, kubwa kama sarafu. Walikimbilia kibaraza cha duka lililofungwa, na pikipiki haijasimama vizuri mbingu ikafunguka.

Watu walitoka majumbani. Mwanamke mmoja alipiga vigelegele, akaitikiwa ng'ambo ya barabara, na ng'ambo ya hapo. Watoto uchi walijitupa kwenye mfereji. Mzee alisimama katikati ya barabara, uso juu, mdomo wazi, anakunywa.

Dereva aliitazama mvua. Akamtazama abiria wake. Akaisogeza pikipiki kidogo, upande wa mbali naye.

"Dada," alisema, "yaani nimekutoa tu."

Speciosa alikuwa ameng'ang'ania nguzo ya kibaraza. Alilelewa na mama wa jumuiya ya kanisa, na sala ya kuomba mvua aliijua tangu utoto. Sasa midomo yake ilikwenda yenyewe, haraka haraka, chini ya kishindo cha mabati. Ikatike, Baba. Ikatike leo tu. Ikatike niwaoneshe.

Mvua ikazidi.

*

Alirudi Jumatatu ya wiki ya pili, kwa miguu, sketi imelowa matope mpaka magotini. Bonde lote lilikuwa na watu wanapanda. Majembe yalikuwa yakipanda na kushuka, na mtu mmoja mmoja alipomwona alilishikilia jembe lake juu kidogo, kisha akalishusha.

Eustakia alimpokea vizuri. Hilo ndilo lililomtisha. Alimletea kigoda, akakiweka nje ya kizingiti, akamwekea ndizi ya kuchoma juu ya jani.

"Kaa hapo hapo, mwanangu. Si chuki. Umetupa mvua, tunashukuru."

"Nimekuja kuchukua kadi yangu ya hospitali, mama. Kesho kutwa natakiwa kuwekewa dripu ya dawa. Na nimekuja kumchukua Nice."

Gaspari alitoka shambani na jembe begani. Alikuwa amenenepa kidogo usoni, au ni kulala vizuri tu. "Kadi ipo," alisema. "Mtoto hapana."

"Gaspari, mimi ndiye niliyemzaa."

"Si mimi niliyesema. Mvua ndiyo imesema."

"Mvua ilichelewa Kasulo pia. Imenyesha Kasulo pia, siku ile ile. Huko nako nilifukuzwa?"

Gaspari alilishusha jembe, akachimba tope lake kwa kidole cha mguu. Wanawake waliokuja kusaidia kupanda walikuwa wamesogea mpaka kwenye migomba, Nimpaye miongoni mwao, vikapu vya mbegu vimekumbatiwa vifuani.

"Mimi nafikiria mbali zaidi," alisema Eustakia, na sauti yake ilikuwa na mzaha wa mtu aliyeshiba. "Tuwe tunakuita kila mwaka. Mvua ikichelewa tu, unakuja, unakaa siku mbili, halafu tunakufukuza. Ungetusaidia sana, Mama Nice."

Walicheka. Nimpaye alicheka huku amefunika mdomo kwa kanga. Gaspari aliingia ndani, akatoka na kadi, akainyoosha kwa ncha za vidole, na Speciosa alipoinua mkono wa kushoto kuipokea, mkono uliishia njiani, chini ya usawa wa bega. Gaspari hakusogea. Akaiacha kadi ianguke juu ya jani, karibu na ndizi.

"Nimwone tu," alisema Speciosa. "Nimsalimie, nitaondoka."

"Yuko huko nyuma anacheza," alisema Eustakia. "Asikuone. Atalia bure, na kazi bado nyingi."

Lakini Nice alikuwa amekwisha kuisikia sauti. Alitokea nyuma ya migomba, upande wa jalala, anatembea polepole kama anayebeba maji yaliyojaa pomoni. Tope lilimfika mapajani. Mikononi alikuwa na kitu cheusi, kimevimba, kinadondosha maji, na ilichukua muda kutambua maua ya kitenge chini ya uchafu. Mishono ilikuwa imeachia pembeni. Kwenye kila tundu palitoka kijiti cheupe kilichopinda shingo, na juu ya vijiti, vijani viwili viwili, bado vimekunjana, kijani.

"Tupa hiyo!" bibi yake alimkemea. "Nice! Tupa nimesema!"

Nice hakutupa. Alipita katikati ya wanawake, na wao, vikapu vya mbegu vifuani, walipisha. Alifika kwenye kigoda, akakiinua kifuko kwa mikono miwili mpaka kwenye upande bapa wa blauzi ya mama yake, akakiweka pale, akakishikilia kisianguke. Halafu akasema kwa sauti kubwa, kama anayesoma mbele ya darasa:

"Mama, titi lako limeota."