Injini Moja Inatosha

Mshika mbili, moja ikimponyoka, bado ana moja. Mshika moja ndiye anayebaki akitazama viganja vyake. Waliotuonya tusishike mbili walikuwa watu wa nchi kavu, na mjomba wangu aliwapenda sana kwa sababu walimpunguzia gharama.

Boti yetu ni ndogo, ya kuvusha watu hadi ng'ambo. Babu aliwaachia mama yangu na kaka yake, yaani mjomba. Mama aliiendesha, nami nikajifunza ubavuni pake. Nyuma ilikaa injini kubwa, na kando yake injini ndogo ya akiba, yenye tangi lake peke yake. Kwa hilo la tangi mama hakuwa na mchezo. "Zikinywa kikombe kimoja, zitaugua pamoja," alisema. Kila asubuhi aliiwasha ile ndogo kwanza. Ikikohoa na kukaa sawa, aliizima, ndipo abiria wapande. Jioni tuliibeba begani hadi nyumbani, maana gatini kuna wezi, tukaitundika stoo.

Mjomba abiria walimbandika jina la Kiti Kimoja. Kwa hesabu zake, injini ndogo na tangi lake vilikuwa na uzito wa abiria mmoja.

"Hiyo ni mke wa pili, dada," alimwambia mama. "Anakula, anachukua nafasi, kazi hafanyi."

"Na wa kwanza akiugua, kaka, utapikiwa na nani?"

Gati zima lilicheka. Mjomba hakucheka.

Asubuhi moja pumu ikamkaba mama. Hospitali iko ng'ambo. Paa lake la bluu unaliona ukiwa umesimama gatini. Mimi na mama mdogo tulimshika huku na huku. Nilipoingia stoo, ndoano ilikuwa tupu. Mjomba alikuwa ameichukua injini alfajiri, akaifunga kwenye kiboti cha rafiki yake, wakaenda kuvua nyuma ya kisiwa kujiburudisha.

Tukaondoka na ile kubwa. Katikati ya mkondo ikazima. Maji yalikuwa yameingia kwenye mafuta. Nikatupa nanga, kamba ikaisha kabla ya kugusa chini. Nikapiga kasia, mkondo ukanicheka. Nikampigia mjomba. Simu ikaita, ikakatwa. Nikapiga tena, ikakatwa.

Mama alikata roho kwenye mapaja ya mama mdogo, kabla wavuvi hawajatufikia kutuvuta. Paa la bluu lilikuwa palepale, madirisha yake yakimetameta.

Msibani mjomba alikaa mbele, akajifuta macho, akasema: "Siku ikifika, haina injini ya akiba." Watu wakaitikia. Mmoja akasema hayo ni maneno ya hekima. Mimi nilikuwa nimebeba sinia la vikombe. Sikulimwaga. Nililishika vizuri zaidi.

Baadaye ile injini ndogo aliiuza, eti isije ikamkumbusha marehemu.

Kisha hospitali ikatangaza inatafuta boti ya kuvusha wagonjwa. Mjomba aliitaka kazi hiyo kama mtoto anavyotaka titi. Mkaguzi wa bandari angekuja kuikagua boti, kisha apande tuvuke naye. Siku chache kabla ya hapo nilimfuata sebuleni kwake.

"Mjomba, tununue injini ya akiba. Ndogo tu, na tangi lake."

"Ya nini? Hii kubwa nimeifanyia matengenezo. Haijaniaibisha."

"Basi tununue kasia zima, kamba ndefu ya nanga na redio."

"Na mwavuli, na mto wa kulalia?" Akacheka hadi tumbo likatikisika. "Wewe umerithi woga wa mama yako. Injini moja inatosha. Kuna siku utajifunza biashara."

Angesema "ngoja nifikirie," leo nisingekuwa na kisa. Lakini alimtaja mama, tena kwa kicheko. Nikamwambia, "Sawa, mjomba," kwa adabu zote nilizofunzwa.

Mkaguzi alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye sauti ya chini. Mimi na yeye tulivaa majaketi ya kuokolea. Mjomba alikataa lake. Lingemkunjia koti la suti.

Tulipofika palepale mama alipokata roho, nilivuta kamba nyekundu ya kuzimia injini, nikaitia kifuani. Kimya kikatushukia. Boti ikageuza pua taratibu, ikaanza kufuata mkondo kuelekea kwenye miamba, huko maji yanakotoa povu.

"Kuna nini?" mjomba akauliza.

"Injini imezima."

"Umeizima wewe! Nimekuona!"

"Maji hayaulizi, mjomba. Washa ya pili."

Mkaguzi akanitazama, akamtazama yeye. "Sheria haimlazimishi mtu kuwa na injini mbili, mzee," alisema. "Inataka njia ya kurudi nyumbani. Iwe injini, iwe kasia, iwe redio na mtu wa kuja kukuvuta. Wewe una ipi?"

Mjomba alichomoa kasia chini ya benchi. Ubao wake ulikuwa umepasuka. Alipiga upande mmoja, boti ikazunguka kama mbwa anayetafuta pa kulala. Suti ikalowa. Akalitupa kasia, akatoa simu.

"Mpigie mtu," nikamwambia. "Mpigie, akukatie."

Hapo alielewa. Niliona uso wake ukielewa, kuanzia machoni kushuka hadi mdomoni.

"Mwanangu, sijui kuogelea."

"Najua. Sema uliyoyasema msibani."

"Mwanangu..."

"Sema."

Miamba ilianza kusikika. Akasema, kwa sauti ya mtoto aliyefumaniwa: "Siku ikifika... haina injini ya akiba." Nikangoja nione kama kuna wa kuitikia. Hakuna aliyeitikia.

Nikairudisha kamba mahali pake, nikawasha. Injini ikanguruma, nikaigeuza boti, nikawarudisha gatini.

Mkaguzi alishuka. "Boti hii haipati kibali," akamwambia mjomba. Akanigeukia. "Na wewe binti, leseni yako lete. Umechezea roho za watu, na mojawapo ni yangu." Alisema kweli. Nikampa bila kubisha.

Tangu hapo mjomba hapiti gatini. Akipita, lazima mmoja amwulize, "Mzee, ya pili iko wapi?" na wengine wajishike mbavu. Presha imempanda, halali, chakula hakishuki. Ninaambiwa haya ili nimhurumie. Ninayasikiliza mara mbili mbili.

Jana mama mdogo alikuja kwangu, akakaa kitini huku mkoba ukiwa bado begani.

"Amekubali kununua injini ya akiba," alisema. "Na tangi lake. Leseni yako ikirudi, boti utaendesha wewe. Anataka kitu kimoja tu, uende umpigie magoti."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya ukoo. Mjomba ni mama, mwanangu."

"Mama nilikuwa naye mmoja. Wewe ndiye uliyemshika."

Alitazama mapaja yake. Machozi yakamtoka, nami yakanitoka, maana nampenda. Nikampa leso. Akapenga kamasi, akajaribu tena.

"Angekufa kweli, je?"

"Hakufa."

"Ameaibika mtu mzima! Neno moja tu, litakupunguzia nini?"

Litanipunguzia mama. Sikumwambia hivyo, angelia upya. Nilimsindikiza hadi mlangoni, nikamwekea mkoba vizuri begani, nikampa majibu ya kupeleka:

"Injini anunue, maana boti inaihitaji. Radhi siombi."