Nikoboe ama Nisage Hivyo?

…na swali lenyewe ni dogo tu, nikoboe ama nisage hivyo hivyo, Nyongesa wa mashine ya posho huwauliza wamama wote wa Kawangware, lakini leo Mukai amesimama na debe lake la mahindi, leso kaivuta mpaka puani, na jibu halitoki, maana siku zote jibu lake ni koboa, koboa kabisa, unga utoke mweupe pe, makapi wape kuku wako… kumbe, Mungu wangu, kumbe afya yake ndiyo aliyokuwa akiwagawia kuku, si ndivyo alivyosema nesi asubuhi, akimbonyeza tumbo lililokakamaa, "Dada, unakula nini?" na yeye kwa maringo, ugali mweupe na mkate, sista, mimi si wa kula pumba, nesi akaguna, akasema tumbo lisiloona makapi hufunga, likivurugika huenda na homoni zikavurugika nalo, siku za mwezi zinaruka, uso unafura vipele, si lazima iwe hivyo lakini anza na chakula, kula maharagwe, sukuma wiki, maji kwa wingi, na hizo krimu za kujichubua tupa… "Siste, tuko nyuma yako!" foleni inalalamika, ngoja basi, kuna aliyengoja kuliko wewe, Osewe wake, aliyeshamtajia ndoa, alibisha hodi Jumapili, "Mukai, fungua, najua uko ndani, nimetoka Makina kwa miguu," naye kajibana nyuma ya pazia, kaziba mdomo, akimtamani, ala, akimtamani kweli, lakini utamfunguliaje mtu na sura hii, akasikia viatu vyake vikiondoka, vikisimama, vikiondoka… na huo unga mweupe ulikuwa wa nani kama si wa Osewe, Mjaluo wa watu asije akasema Mkamba anamlisha chakula cha ng'ombe, haya, na lini aliuomba? Hata siku moja. Siku ya kwanza alimega kidogo, akasema kwa upole, kwetu mama husonga wa mtama, mweusi, ule unakaa tumboni, Mukai akacheka akidhani ni utani, kumbe mtu alikuwa anamkumbuka mamake, vile yeye sasa anavyoikumbuka isyo ya nyanyake kule Kitui, mahindi na maharagwe na maganda yake yote, unatafuna mpaka taya zinachoka, na uso wa Mukai wakati huo, jamani, ulivyokuwa laini, na hakuujali… akija tena Jumapili, labda atasonga wa mtama, labda vipele vitakuwa vingali pale pale, aje tu, hata avione, mradi aje…

"Mukai! Nikoboe ama?"

Mashine inanguruma, vumbi la unga linampanda puani, na ndipo anapogundua leso imeshuka mabegani, sijui ni upepo, sijui ni mkono wake mwenyewe, na Nyongesa anamtazama usoni, uso mzima, na anachongoja ni jibu la mahindi tu.