Sheria ya Mipira Mitatu

Sheria ile ilitungwa kwa ajili yangu, na asiniambie mtu vinginevyo. Tangu daktari alipolipasua bega langu la kulia, fimbo yangu ya pool haina kishindo. Nafungua mchezo taratibu, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Mpira mmoja unaingia shimoni, halafu iliyobaki naizamisha kwa mpangilio wa namba hadi tisa. Wakaniita Unyoya. Unyoya huyo akawafunga wanaume wenye mikono kama nguzo.

Ndipo watu wa televisheni wakalalamika kwamba nawasinzisha watazamaji. Kamati ikakaa, ikatoa sheria mpya: ukifungua, mipira isiyopungua mitatu iingie shimoni au ivuke mstari uliochorwa mezani. Isipofika mitatu, mpinzani wako anachagua, acheze yeye au akurudishie wewe. Juu yake wakaongeza saa: sekunde thelathini kwa kila pigo. Na katibu wa kamati hiyo ni mume wa dada yangu, mtu anayekula kwangu kila Jumapili na kuomba kuongezewa.

"Shemeji, usinielewe vibaya," aliniambia ukumbini kabla ya mechi. "Mchezo unakua. Umeshatamba vya kutosha, pumzika."

"Nani kakwambia nimechoka?"

Siku hiyo atakayefungwa alikuwa anatoka kwenye ligi ya kulipwa. Kurudi ni kwa mchujo, mechi juu ya mechi wiki nzima, na bega langu lisingefika hata katikati. Shemeji alilijua hilo kama nilivyolijua mimi. Niliogopa, sikatai. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

Mpinzani wangu alikuwa kijana waliyemwita Nyundo. Sheria mpya ilimkaa kama nguo ya kupimiwa. Akifungua, hata refa anarudi nyuma. Mimi nilijaribu kupiga kwa nguvu kama walivyotaka, na kila nilipopiga bega liliwaka moto. Hata hivyo tulikwenda sambamba hadi mchezo wa mwisho, na zamu ya kufungua ikawa yangu. Nikamwona shemeji mstari wa mbele, kakunja nne, anatabasamu.

Tabasamu lile ndilo lililoniamulia. Nikapaka chaki, nikapiga taratibu kuliko nilivyowahi kupiga maishani.

Ukumbi ukazomea. Mipira ya kutosha iligusa kingo, kwa hiyo haikuwa faulo, lakini ni mmoja tu uliovuka mstari. Mingine ilibaki imebanana, namba moja imejificha nyuma yake, na nyeupe, ile ya kupigia mingine, imeganda ukingoni upande wa pili.

"Haijafika mitatu," refa akasema, akamgeukia Nyundo. "Chagua."

Nyundo akaizunguka meza. Akicheza yeye, namba moja haionekani, na ndiyo anayotakiwa kuigusa kwanza. Akinirudishia, nitazidi kumfichia mipira, kazi niliyoianza kabla yeye hajajua kunawa uso.

"Piga, Nyundo!" watu wakapaza sauti. "Piga!"

"Nacheza," akasema, na saa ikaanza kumhesabia. Debe tupu haliachi kuvuma: akapiga kwa nguvu zake zote. Nyeupe ikavamia rundo kabla ya kuigusa namba moja, mipira ikatapakaa meza nzima. Faulo. Refa akanikabidhi nyeupe, niiweke popote ninapotaka. Kijana alikuwa amenifungulia mchezo kwa bega lake.

"Asante, mwanangu," nikamwambia, na nilimshukuru kwa dhati.

Saa yao nayo sikuidharau. Kila mpira nilisubiri hadi kengele ya onyo ilie, ndipo nikapiga. Televisheni na isinzie. Tisa ilipozama, nilibaki kwenye ligi, na bega halikuniuma hata kidogo.

Shemeji alinikuta mlangoni nikifungua fimbo yangu vipande viwili. Tabasamu halikuwepo tena.

"Shemeji, ule ni ujanja. Kamati itakaa upya."

"Ikae. Mtunge nyingine," nikamwambia. "Halafu Jumapili mje na dada, kama kawaida. Utanieleza tukiwa mezani hiyo mpya mnataka niwafunge nayo vipi."