Pembe Nne za Shuka

Mke wangu alinipa pembe mbili za shuka kabla hajanipa jina lake.

"Shika huku," alisema. "Kunja, usikumbatie. Hilo si mtu."

Wenzake wakaangua kicheko. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa chumba cha kukunjia, mikono imelowa hadi viwikoni, nimetumwa na msimamizi kuziba nafasi ya dada mmoja aliyekuwa anaumwa. Kazi yangu hasa ilikuwa upande wa pili wa ukuta, kwenye mashine za kufulia, kuingiza mashuka makavu machafu na kuyatoa masafi yaliyolowa, mazito kama yana watu ndani. Hoteli ile ilikuwa na ghorofa nyingi za wageni waliolala vizuri. Sisi madobi tulikuwa chini kabisa, chini ya ardhi, kwenye joto, ambako habari za mvua tulizisikia kutoka kwa waliochelewa kuingia.

Shuka la kitanda kikubwa linataka watu wawili. Mnasimama mbalimbali, kila mtu na pembe zake, mnalivuta mpaka linanyooka, mnalikung'uta mpaka linalia kama kofi. Halafu mnaendeana. Unamfuata mwenzako, pembe zako mkononi, mpaka vidole vyako vinafika kwenye vidole vyake. Anazipokea. Wewe unainama, unaokota mkunjo ulioning'inia, unarudi nyuma, unamwendea tena. Siku ile nilimwendea yule dada aliyenipa pembe mpaka miguu ikauma, na kila nilipofika alinipokea pembe bila kuniangalia. Karibu na saa ya kutoka, aliniangalia.

"Vidole vimekunjamana kama vya kizee," akasema. "Nani atakubali kuolewa na mikono hiyo?"

"Mtu anayekunja mashuka."

Mama Pasi, aliyekaa kwenye pasi kubwa ya kuviringisha na ambaye hakuna neno lililompita, akajibu kwa niaba ya chumba kizima. "Jamani, huyu hakuja kukunja. Kaja kuposa."

Siku hizi nakunja peke yangu. Mjane akikunja shuka hubana upindo kwa kidevu, akanyoosha mikono kama anayesulubiwa, na nusu iliyobaki inafagia chini. Haliwi safi. Haliwi sawa pia.

Tulioana, na wakubwa wakatoa zawadi yao. Nasema wakubwa kwa sababu sikuwahi kuona sura ya aliyeamua. Kule juu kwenye madirisha mambo huamuliwa kama umande unavyoanguka, unakuta tu umelowa. Wakasema mume na mke wasifanye zamu moja. Ati wakielewana watapiga soga, na wasipoelewana watagombana kazini. Mke wangu akabaki mchana. Mimi nikapelekwa zamu ya usiku.

Basi tukaishi kwa kupishana. Tulikutana kwenye geti la wafanyakazi, mmoja akiingia, mwingine akitoka, mlinzi akitukagua mifuko.

"Chai iko kwenye chupa."

"Mtoto kakohoa, yuko kwa jirani, kamchukue."

"Kitasa kimelegea."

Hayo ndiyo yalikuwa mapenzi yetu, na mlinzi aliyasikia yote. Nyumbani, kitanda chetu hakikuwahi kupoa. Asubuhi nilikuta upande wake bado una joto, nikalala humohumo. Na alikuwa na desturi moja. Akiamka alitandika, halafu alikunjua pembe moja ya shuka upande wangu, kama mtu anayemwachia mwenzake mlango wazi. Siku aliyokuwa na kinyongo alilichomeka shuka lote chini ya godoro, pande zote, limekaza kama la hotelini, nikabaki kulifumua huku nikijiuliza nimekosa nini. Jioni nikiondoka nami nilimwachia pembe yake. Nimewaona watu wanaolala kitanda kimoja kila siku na hawajawahi kuambiana kiasi kile.

Tukazeeka hivyo. Binti yetu akakua, akaolewa, akahama. Ndipo akaja meneja mpya, kijana wa tai nyembamba, mwenye kucheka na kila mtu. Akasema sheria ile ni ya kizamani. Akatuweka sote wawili zamu ya mchana. Hata nilimwombea dua, Mungu anisamehe.

Wiki ya kwanza ilikuwa kama harusi. Tulitoka pamoja, tukarudi pamoja, tukamwacha mlinzi na geti lake. Kisha nikagundua mke wangu anapenda redio. Yeye akagundua mimi siipendi. Hakuwahi kunisikia nikikoroma. Mimi sikuwahi kujua kwamba halali dirisha likifungwa, na mimi silali likiwa wazi. Akipika alikuwa akiongea, nami kila mara nikamjibu, naye kila mara akashtuka.

"Sikuwa nakwambia wewe," alisema siku moja.

"Unamwambia nani?"

Akafunika sufuria. Alikuwa na mtu wake mle jikoni, wa miaka mingi, na mtu huyo alikuwa msikivu kuliko mimi.

Kazini, mashine ya kukunjia iliharibika, tukarudi kukunja kwa mikono. Chumba kizima kikataka tukunje sisi. "Waonyesheni watoto," akasema Mama Pasi, "hawa wanajua kubonyeza vitufe tu." Tukasimama, kila mtu na pembe zake. Nikageuza kulia, yeye kushoto. Nikamfuata alipokuwa ananifuata. Shuka likajisokota katikati yetu.

"Mnakunja au mnakamua?" akauliza Mama Pasi, na watu wakacheka mpaka wakashika meza.

Mke wangu hakucheka. Alizilaza pembe zake mezani taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia, akaenda kunywa maji.

Zamu za wiki iliyofuata zilipobandikwa ubaoni, mimi nilikuwa mchana. Yeye alikuwa usiku.

Sikungoja lifti. Nilipanda ngazi na viatu vyangu vya mpira, nikayalowesha mazulia yao ghorofa baada ya ghorofa, nikaingia kwa meneja bila kubisha hodi.

"Mnatuchezea," nikamwambia. "Ujana wote mmetutenganisha. Tumezeeka mkatuunganisha. Sasa mnatutenganisha tena. Sisi ni soksi?"

Yule kijana aliinuka, akaufunga mlango mwenyewe. Hakucheka safari hii.

"Mzee, hakuna aliyemhamisha mama. Ameomba mwenyewe. Alikaa kwenye kiti hicho hapo."

Nilikitazama kile kiti. Kilikuwa kiti cha kawaida, cha kitambaa cha kijivu. Maisha yangu yote nilikuwa na watu wa kuwalaumu, na walistahili, na bado wanastahili. Lakini siku ile nilishuka ngazi zile mikono mitupu. Kila ghorofa niliyofika nilijiuliza swali moja, na kila ghorofa niliogopa zaidi kufika nyumbani kuliuliza.

Nilimkuta uani anaanua nguo, vibanio vimejaa mdomoni.

"Umenichoka?" nikasema.

Alivitoa vibanio kimoja kimoja, akavitia kwenye kikopo.

"Sijakuchoka. Sikujui."

"Mke wangu, mimi na wewe tuna mjukuu."

"Ndiyo. Na mjukuu wetu namjua kuliko ninavyokujua wewe." Alishusha mikono. "Zamani nikirudi nilikuta joto lako kwenye mto, nikaongea nalo. Nimekuwa na mume mzuri sana kwenye ule mto. Sasa kaja mwingine, anafunga dirisha."

"Huyo wa dirisha ndiye mimi."

"Najua. Nipe nafasi nimzoee polepole. Mkija wote wawili kwa mpigo mnanishinda."

Nilitaka kumwambia kwamba na mimi nilikuwa na mwanamke wangu kwenye upande ule wenye joto, na hakuwa na redio. Nikaogopa. Nikauliza nililoliogopa zaidi. "Kwa hiyo unaondoka?"

"Ningekuwa naondoka ningeomba zamu? Ningeomba mtu wa kunibebea kabati." Akageukia kamba, akaanua shuka letu, lile kubwa la bluu lililopauka, akanipa pembe mbili. "Shika huku."

Tulianza vibaya, palepale tulipokosea kazini. Akasimama. "Ngoja. Niangalie kwanza naenda wapi, ndipo uje." Nikamwangalia. Nadhani sikuwa nimemwangalia tangu siku ile ya chumba cha kukunjia. Nilikuwa namtafuta tu kwa mikono. Alikuwa na mvi juu ya sikio. Akageuza, nikageuza, nikamwendea, vidole vikafika.

Alifanya zamu ile ya usiku kama alivyoomba. Lakini meneja alimruhusu kutoka mapema kidogo, na kila asubuhi, yeye akirudi na mimi nikijiandaa kutoka, tulikunja shuka moja, hata kama halikufuliwa, na kila mmoja akasema jambo ambalo mwenzake halijui. Kumbe hakupenda sukari kwenye chai. Miaka yote nilimwachia chupa ya chai tamu, naye akainywa. Mimi nikamwambia kuhusu yule mwanamke wangu wa upande wenye joto. Akataka kujua kama ni mzuri. Nikasema ni mzuri, ila haongei. "Mrudie basi," akasema, akaninyang'anya pembe.

Mvua zilipokwisha, alirudi mchana mwenyewe. Redio ilibaki, dirisha tukaliacha nusu. Tukapata kipindi chetu, kizuri, nisichopenda kukipima. Halafu kifua. Dawa za kung'arishia mashuka zilikuwa zinatuchoma macho tangu ujana wetu, na barakoa zilikuwepo, zimefungiwa kabatini, zinatolewa siku ya wakaguzi. Mke wangu alikohoa mpaka akaacha. Wakubwa walileta rambirambi: mashuka mapya, jozi moja, yamekunjwa na mashine, bado yako kwenye karatasi yake. Sijayafungua. Nitazikwa nawalaumu.

Nayakumbuka haya yote kwa sababu ya binti yangu, ambaye amerudi kwangu na sanduku. Mumewe anafanya kazi mji mwingine, na ndoa yao iko kwenye simu. Kwenye simu wanapendana vizuri. Nimewasikia, wanacheka hata chakula kikiungua jikoni. Akija likizo wanagombania taulo.

"Baba, kwenye simu ni mtu mwingine kabisa," aliniambia.

"Huyo namfahamu," nikasema, lakini sikueleza.

Jana alasiri yule mkwe wangu alifika. Nilikuwa uani na shuka la bluu, upindo kidevuni. Akasimama getini na begi begani, simu mkononi, kama mtu aliyepotea njia.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Weka simu mfukoni. Shika huku."

Alizishika pembe, akalikusanya shuka lote kifuani.

"Kunja, usikumbatie," nikamwambia. "Hilo si mtu."

Mlangoni nilisikia mtu anacheka kidogo, kwa pua, kama mama yake. Binti yangu akatoka. Hakumsalimia. Alikuja moja kwa moja kwangu, akaninyang'anya pembe zangu mkononi.

Niliingia ndani, nikakaa kitandani upande wangu. Dirisha lilikuwa nusu. Shuka likalia mara moja, kisha kimya, kisha sauti zao.

"Siyo huko."

"Wapi sasa?"

"Umelivuta lote wewe."

Walikuwa wanakosea, nilijua kwa mlio tu. Nikainuka, nikafika mlangoni kwenda kuwaonyesha. Mkono ukiwa kwenye kitasa nikawakumbuka watu wote waliowahi kusimama mlangoni kunionyesha mimi. Nikarudi kukaa. Nikawaacha wakosee, bila msimamizi.